Shamsia Akagua Boti ya Watu Wawili

Shamsia wa Dunda, Bagamoyo, ana sifa mbaya, na mwenyewe anaifurahia. Kila chombo akikikagua hukikuta kibovu. Ameshona matanga miaka thelathini, kazi aliyorithi kwa baba yake, na kila tanga lake hulifuata baharini kuona linavyovuta. Ndiyo maana mtu akitaka kununua chombo humwendea yeye, halafu hurudi kanuna. Wauzaji wanamwita Mama Mbovu. Anaitika bila wasiwasi.

Jumamosi moja akaitwa na Amin na mkewe Dija, walimu wastaafu wa Kiwangwa. Amin alikuwa amepata boti ya matanga inayouzwa na mgeni mmoja aliyerudi kwao, yenye vyumba, jiko na choo. Alitamani mno waende nayo Mafia, kisha Ngazija, wao wawili tu. Dija alishakata shauri.

"Shamsia akisema inafaa, nakwenda. Akikataa, bwana, ukalime mananasi yako, na habari za bahari nisizisikie tena."

Amin akamvuta Shamsia pembeni. "Dada yangu, nakuomba, sema inafaa tu."

"Nitasema nitakachokiona, Mwalimu," akajibu, ingawa alimwonea huruma kwelikweli.

Wakatweka, pamoja na dalali Mwinyijuma na ndugu zake watatu, mabaharia wa ngalawa tangu utotoni. Walipofika kwenye maji makuu upepo ukakaza, boti ikalala ubavu. Hao! Wanaume wanne, na Amin wa tano, wakarukia upande wa upepo wakaning'iniza makalio nje. Boti ikasimama wima.

"Umeona mambo hayo?" Mwinyijuma akasema.

Upepo ukaja tena, wakaruka tena. Mazoea yana tabu, jamani. Kwenye ngalawa watu ndio uzito, usiporuka, unaogelea.

Shamsia uvumilivu ukamwishia. "Mnapima boti au mnapima matumbo yenu? Hawa wawili wakiwa njiani kwenda Ngazija, ninyi mtakuwa wapi?" Akawaamuru wote washuke chumbani, wakae sakafuni, katikati, na asitikisike mtu. Kisha akamgeukia Dija. "Shika usukani, dada."

"Mimi? Hata baiskeli sijawahi kuiendesha."

"Basi wewe ndiye ninayemtaka."

Akakaa karibu naye, mikono mapajani. Aliitaka boti hii iwe nzuri, na alijua kwamba ikishindwa ataikataa vilevile.

Upepo wa tatu ulikuwa na nguvu kuliko zote. Boti ikalala, ikazidi kulala. Maji yakafika ukingoni, sufuria zikagongana jikoni, na huko chini Amin akasikika akisoma dua. Shamsia akabana midomo. Ndipo uzito wa madini ya risasi uliofungwa chini ya boti ili isipinduke ukafanya kazi yake. Boti ikasita, ikainuka yenyewe taratibu, ikaendelea na safari yake.

"Sasa legeza mikono," akamwambia Dija.

Dija akalegeza. Boti ikanyooka vilevile, haina habari.

"Inafaa," Shamsia akasema kwa sauti ili wa chini wasikie, na furaha ikamjaa hadi akacheka peke yake.

Amin akapanda ngazi mbio, macho yamelowa, akanyoosha mkono apokee usukani wageuze kurudi Bagamoyo. Dija akamzuia kwa kiwiko.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mafia ni upande gani?"