Sinema ya Urefu wa Nywele

Wateja wake walimwita Mama Sinema, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa msusi mwenye chumba kimoja cha kazi kati ya fundi viatu na duka la dawa, na ukitaka kumchokoza ulimwuliza mbona saluni yake haina televisheni. "Ya nini?" angekujibu, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. "Mimi si nipo?"

Na kweli alikuwepo. Ukishaketi kitini alikupapasa kichwa kwa viganja viwili, akapima urefu na ujazo wa nywele, kisha akatoa hukumu: wewe sinema ya saa moja, wewe ya mchana mzima. Mistari michache ya kurudi nyuma ilipata ile fupi ya roboti mfua nguo aliyeogopa maji. Rasta nyembamba za kufika kiunoni zilipata majoka, ile ndefu ambamo malkia anabadilishana macho na joka lake ili kila mmoja ajue mwenzake anaogopa nini. Nesi wa zahanati ya jirani alisukwa rasta nyembamba mwaka mzima, na zilikuwa zinamuumiza kichwa vibaya sana, kwa sababu tu alitaka kujua kama malkia alirudishiwa macho yake.

Sheria ya mle ndani ilikuwa moja: nywele zikiisha, sinema imeisha. Ukibaki na roho juu, shauri yako, urudi zikichakaa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliondoka siku moja kwa hasira akiapa kuhamia kwa msusi mwingine. Haukupita muda akarudi na mistari yake bado imekaa vizuri kabisa, anadai inamwasha.

Sinema za mapenzi Mama Sinema hakuzitaka. "Mapenzi nayasikia humu kila siku," alisema, "na hayana jipya." Yeye alipenda vyombo vya angani, sayari zenye majua mawili, milango inayofunguka ndani ya maji, na viumbe wenye damu ya kijani wanaolia kama watu. Jumapili, saluni ikiwa imefungwa, alikaa sebuleni akazitazama moja baada ya nyingine. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameshazoea kumkuta anafuta machozi.

"Kafa nani leo?" angeuliza akivua viatu.

"Mashine."

Basi mume angeketi kando yake, ampe pole kama aliyefiwa kweli. Wanaume wa namna hiyo si wengi, na Mama Sinema alijaliwa mmoja.

Mtu ambaye hakuwahi kusimuliwa hata kipande alikuwa mama yake mzazi. Mama alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Miaka nenda miaka rudi alisikiliza watu wakiapa na kudanganya hapo hapo, na akirudi nyumbani hakuwa na hamu ya uongo mwingine, hata ule usiomdhuru mtu. Binti akija mbio kusimulia habari za mtu aliyeruka angani bila ndege, Mama aliuliza neno moja tu, macho yake yakiwa kwenye pasi: "Ulimwona?" Hadithi ilifia pale pale. Usidhani alikuwa mama mbaya. Alimpenda binti yake kwa viatu vilivyong'arishwa, kwa madaftari yaliyowekwa majalada, kwa kukesha naye akiwa na homa. Ila mazungumzo yao yalihusu ada, afya na chakula, na binti alipokuwa mtu mzima hayakubadilika.

Kisha Mama akapigwa na kiharusi. Kiliuchukua mkono wa kulia, kikaulegeza mguu, kikaondoka na maneno yote. Msusi akamleta nyumbani kwake. Ndugu wakaja kumjulia hali, wakimpigia kelele kana kwamba kiharusi kilichukua masikio, na shangazi mmoja akamvuta msusi kando. "Huyu amekata kauli, mwanangu. Jiandae tu." Msusi hakuwahi kumvunjia heshima shangazi yake tangu azaliwe. Siku hiyo alimfungulia mlango, akamwambia aende salama.

Mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kusema tena aliwaeleza kwamba maneno bado yamo, lakini Mama mwenyewe lazima ayatake. "Msimsemee, na msimlazimishe. Zungumzeni naye kama mlivyozoea."

Kama mlivyozoea! Mwanamke huyu alikuwa na maneno ya kumwaga kwa kila kichwa cha mtaa, lakini akiketi mbele ya mama yake alikosa pa kuanzia. "Umelala vizuri, Mama?" Mama anaitikia kwa kichwa. "Chai haijapoa?" Mama anatikisa kichwa. Kisha kimya, mpaka mumewe aingie na kuanza kumweleza mama mkwe habari za matairi. Alichokitaka msusi kilikuwa hicho kimoja: kuisikia tena sauti ya mama yake, hata ikiwa ya kumkaripia. Akiwa kazini alijaribu kuikumbuka, na siku nyingine haikuja kabisa. Hapo aliogopa sana.

Jumapili moja mchana aliamua kumsuka. Nywele za Mama zilikuwa zimejisokota tangu hospitalini, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mumewe akambeba Mama hadi saluni, akamweka kwenye kiti chenye mto, akaenda kuosha lori lake. Msusi akamfunga taulo shingoni, akatia mafuta, akaanza kuzichambua taratibu.

Na hapo akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja: hakupima. Apime nini? Nywele za mama yake alizijua tangu utotoni, nzito, za kujaza viganja vyote viwili. Mikono ikaanza kazi, na mdomo wake, ambao haukuwa na mazoea ya kuiacha mikono ifanye kazi peke yake, ukafunguka wenyewe.

"Alikuwepo dada mmoja, fundi wa taa," alijisikia akisema, "kwenye chombo kinachokwenda mbali angani, kupita hizi nyota tunazoziona."

Akajiuma ulimi. Alilisubiri lile swali, kisha akakumbuka kwamba haliwezi kuja. Kwenye kioo Mama alikuwa anatazama mbele tu. Basi akaendelea.

Katika sinema zake zote aliipenda hiyo kuliko nyingine, na wateja wachache sana walikuwa wameisikia. Fundi yule wa taa amemwacha mama yake nyumbani, nao wanaongea kwa redio. Mwanzoni jibu linafika papo hapo. Chombo kinapozidi kwenda, jibu linachelewa dakika, siku, mwezi. Fundi anauliza, "Mama, umekula?" akiwa msichana, na jibu linamkuta ana mvi. Anabadilisha taa zilizoungua, anarudi kwenye redio, anangoja. Wenzake wanamwambia aizime, huko hakuna mtu tena.

Alipofika hapo ndipo msusi alipotambua anasimulia nini, na anamsimulia nani. Uso ukamwaka moto. Sinema zote alizonazo kichwani, majoka, maroboti, na yeye kachagua hii! Alitamani kurukia nyingine, lakini mteja hahamishwi sinema katikati, hata mteja akiwa mama yako. Akavuta kamasi, akaendelea.

"Akakataa kuizima, Mama. Akazima taa za chombo moja baada ya nyingine, umeme wote akauelekeza kwenye redio ili isikie mbali zaidi. Akakaa gizani. Na mara redio ikaanza..."

Vidole vyake vikashika hewa. Nywele zilikuwa zimeisha.

Akakitazama kichwa cha mama yake. Mistari ilikuwa michache na myembamba, ngozi ikionekana kila mahali. Zile nywele alizozikadiria zilikuwa za mama wa zamani; hizi zilikuwa za mwanamke mzee, na zilipungua lini? Yeye msusi alikuwa wapi? Sinema ilikuwa haijafika mwisho, lakini hakuona sababu ya kuimaliza. Mama hakuwahi kuupenda upuuzi huu, na labda kimya chake chote hiki kilikuwa cha kuvumilia tu.

"Tayari, Mama," alisema, akilifungua taulo. "Umependeza."

Mama hakujiangalia kiooni. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, uliinuka polepole kutoka mapajani, ukapita sikioni, ukapapasa mpaka ukaupata mstari wa mwisho. Vidole vikaanza kuufumua.

"Mama! Unaumia? Nimekaza sana?"

Mama akatikisa kichwa. Vidole vikaendelea kwa shida, vikichokoa na kuteleza, hadi mstari ukaachia wote. Kisha vikahamia mstari wa pili. Msusi alipoushika ule mkono autulize, Mama aliuchomoa kwa hasira. Midomo yake ikapinda, ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena. Msusi alitamani mno kumsemea. Badala yake akaushika mgongo wa kiti kwa nguvu, akangoja.

"Ba..." Mama akameza mate. "Bado."

Ilikuwa imechakaa, imepungua, lakini ilikuwa sauti yake. Msusi akakaa kwenye benchi la wateja, akalia kwa sauti bila kujiziba uso. Mama alimwacha alie. Halafu uvumilivu ukamwishia, akagonga mkono wa kiti kwa kiganja.

"Haya, Mama, haya. Naja."

Akajifuta kwa lile taulo lenye mafuta, akarudi nyuma ya kiti. Akazichukua nywele chache zilizofumuliwa, akazigawa mafungu membamba kuliko yote aliyowahi kuyagawa maishani, ili zichukue muda mrefu.

"Redio ikaanza kukwaruza," alisema.