Geti Lililosahau Rimoti Zote

Harufu ya grisi mbichi kwenye chuma kilichopigwa na jua hunirudisha Uthiru, pembeni mwa Nairobi, katika ploti ya nyanya yangu, mwaka alipoweka geti la umeme. Nilikuwa darasa la tano. Wajukuu na wapangaji, sote tulimwita Shosho. Alikuwa mjane mwenye vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua mrefu uliojaa kamba za nguo, na sisi, yaani baba, mama na mimi, tuliishi katika chumba kilichokuwa karibu na lango. Kabla ya hapo mwenye gari alipiga honi mpaka mtu akasirike vya kutosha kwenda kumfungulia. Sasa geti lilivutwa na mota iliyonguruma kama mtu anayesafisha koo, na kila mwenye gari alipewa rimoti ndogo nyeusi. Anko Karanja, mdogo wake baba, ambaye hakuishi pale, alipewa yake pia.

Fundi alikuwa Atieno, mwanamke mwenye kibanda kwenye maduka ya Adams Arcade. Aliniacha nichungulie ndani ya kisanduku cha mota huku akinieleza. Rimoti haivuti geti, alisema. Inarusha namba tu hewani, na kisanduku kikiitambua namba hiyo ndipo kinaiamuru mota. Lakini lazima kwanza vijuane. Alibonyeza kitufe kidogo mle ndani, taa nyekundu ikawaka, kisha akabonyeza rimoti karibu yake. Taa ikapepesa. "Imeshika," akasema. Tena namba hiyo hubadilika kila ukibonyeza, kwa mpango unaojulikana na hivyo viwili tu, ili mwizi akiinasa ya leo isimfae kesho.

Mwizi hakuja. Aliyekuja ni Anko Karanja. Jumapili moja Shosho alitoka kanisani mapema kwa sababu ya maumivu ya goti, akakuta watu asiowajua wakipima ua kwa utepe, wakipenya katikati ya shuka za wapangaji. Anko alikuwa amewafungulia kwa rimoti yake. Alitaka kuuza upande aliouita wake, na mama yake angali hai. Shosho hakupaza sauti. Aliwaomba wale watu wakunje utepe wao, akasimama pale mpaka gari la Anko likatoka, halafu akaingia jikoni akaanza kumenya viazi.

Siku iliyofuata akamwita fundi.

"Nataka rimoti moja isifungue tena," alimwambia.

Atieno akatikisa kichwa. "Shosho, hii box haiwezi kusahau moja. Ikisahau, inasahau zote. Halafu tunaanza kufundisha tena moja moja."

"Basi isahau zote."

Atieno akashikilia kile kitufe, kwa muda mrefu mara hii, mpaka taa ikazimika. Jioni wapangaji wenye magari wakapanga mstari getini, wengine wangali na nguo za kazini, kila mmoja na rimoti yake mkononi. Hakuna aliyeuliza sababu, na hakuna ambaye hakuijua. Baba alikuwa wa mwisho. Geti lilipomtii, hakulipitia. Alilifunga tena akaingia ndani.

Anko alirudi baada ya siku chache, mchana. Nilikuwa nacheza uani. Nilimwona kwenye upenyo wa geti akibonyeza ndani ya gari, kisha akashuka, akainua rimoti juu, akatoa betri na kuisugua kwenye suruali.

"Nyambura, stima imepotea?"

"Hapana, Anko. Iko."

Aliposikia umeme upo, akaitazama rimoti, kisha akanitazama mimi. "Mwambie Shosho nilipita," akasema.

Nilipopeleka ujumbe, Shosho alikuwa akichambua maharagwe. "Si mlango mdogo uko wazi?" akasema. "Anayetaka kumwona mama yake ana miguu." Ni kweli. Kando ya geti palikuwa na mlango wa waendao kwa miguu, na mchana haukufungwa hata siku moja. Wahenga walisema mtoto akikunyea mkono huukati, unanawa. Shosho alikuwa amenawa.

Likizo ya Agosti, baba alinipeleka Adams Arcade kununua viatu, na huko tukakutana na Anko. Ndugu hao wawili waliongea kuhusu mvua. Mimi nikamwambia Anko maneno ya mlango mdogo, kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa salamu. Wiki hiyohiyo aliacha gari barabarani akaingia kwa miguu, ameinamisha kichwa kwa sababu mlango ulikuwa mfupi. Shosho alimmiminia uji. Ardhi haikutajwa. Rimoti yake haikufundishwa tena, naye hakuomba. Aliendelea kuja kwa miguu mpaka tukamzika Shosho.

Sasa naishi mtaa wa Karen. Geti letu linafunguliwa kwa simu, na majina ya wenye ruhusa yamepangwa kwenye kioo chake. Juzi mume wangu alimwondoa binamu yake waliyekosana naye, akiwa mezani, akinywa chai. Kidole kimoja, jina likatoweka. Wengine hawakujua lolote na hakuna aliyehitaji kupanga mstari. Nilimuuliza kama atampigia simu kumwambia. "Atajua akifika," akasema, akaomba sukari. Nikampa. Geti letu halina mlango mdogo.