Ekseli ya Guka na Punje Mbili za Mahindi

Wiki iliyopita mtu mmoja wa Parklands aliniita nimtazamie gari lake la zamani, dogo, la viti viwili, aina ile ambayo ukikaa ndani unahisi kama umekalia lami yenyewe. Ekseli ya nyuma, mhimili unaozungusha magurudumu, ilikuwa imebadilishwa na watu wengi kabla yake, naye hakujua tena propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma, inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Bila kujua hilo hawezi kuagiza meno mapya ya gia za ekseli. Kazi yenyewe si ngumu. Unachora alama ya chaki kwenye tairi, nyingine kwenye propela, kisha unazungusha huku ukihesabu. Nilihesabu. Nikarudia. Nikarudia tena, mpaka mwenye gari akainama na kuniuliza, "Kwani uko sawa, msichana?"

Sikuwa sawa. Ile chaki ilikuwa imenirudisha Waithaka, nyuma ya jiko la shosho, nyanya yangu.

Wewe uliyelelewa na nyanya yako utanielewa. Jiko lilikuwa la mabati, limejaa moshi wa kuni tangu asubuhi, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota taratibu na kuku wakiingia na kutoka kama wenye nyumba. Kazi zangu zilikuwa kukata majani ya nepia ya ng'ombe na kupukuchua mahindi makavu kwenye ungo. Mpaka leo mvua ikianza kugonga bati, kabla sijafikiria chochote, nadhani ni punje.

Kati ya jiko na zizi ndipo lilipokaa gari la guka, babu yangu. Lilikuwa la kijani, limepauka, na kiti kimoja kilikuwa kimetobolewa na panya. Alilinunua akiwa kijana, karani wa ofisi mjini, na Jumapili baada ya kanisa alimpeleka shosho katikati ya jiji, wakaegesha, wakala chipsi, wakatazama watu. Shosho alifunga kitambaa kichwani ili upepo usimharibie nywele. Sikuyaona hayo kwa macho yangu. Meno ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, yalivunjika kabla sijazaliwa, na gari likageuka mahali pa kuku kutagia.

Guka alipostaafu aliamua kulifufua. Bahati mbaya mjomba wangu naye alikuwa ameamua kujenga vyumba vya kupangisha, na gari lilikuwa limekaa pale pale msingi ulipopaswa kuchimbwa.

"Mzee, hii gari yako ikitembea, sawa," mjomba alisema. "Isipotembea kabla mvua ya masika, mimi naita watu wa skrapu waichukue kama chuma chakavu."

"Itatembea," guka akajibu.

Shosho alikuwa akipepeta maharagwe. "Mimi sitaki mambo mengi," alisema. "Unipeleke town mara moja tu, tule chipsi, unirudishe."

Guka alipata ekseli kwa mzee mmoja wa Parklands aliyewahi kuwa na gari kama lake. Akaifunga kwa siku kadhaa, akilaani kila nati kwa upole. Lakini kabla ya kuwasha injini alitaka kujua kama ekseli hiyo ni sawasawa na ile ya asili. Kitabu cha gari kilisema magurudumu yote mawili yakizunguka mara kumi, propela huzunguka mara thelathini na tisa. Shosho alikuwa amekataa katakata magurudumu yote mawili yainuliwe mtu akiwa chini, kwa hiyo tuliinua moja tu kwa jeki, na lingine tukalizuia kwa mawe. Ukifanya hivyo, lile lililoinuliwa lazima ulizungushe mara mbili ya hesabu ya kitabu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: mara ishirini, polepole.

Guka alilala chini akitazama propela. Hakuiamini akili yake kuhesabu, hivyo kila alama ya chaki ilipopita aligonga spana kwenye jiwe, na shosho, ameketi kwenye kigoda, akadondosha punje moja ya mahindi ndani ya bakuli. Nilipomaliza, shosho akazihesabu punje. Thelathini na tisa.

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile. Shosho aliingia ndani kutafuta koti lake la kanisani. Guka akatambaa kutoka chini ya gari, mgongo umejaa vumbi, anacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. Kando ya kigoda alisimama kuku mwekundu, akimeza kitu kwa utulivu.

"Wewe kasichana," guka akaniambia, "ulisikia nikigonga mara ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu. Mimi huhesabu kila kitu, hata ngazi, hata vigae vya ofisi za watu. Ni ugonjwa wangu na siuonei fahari. Siku ile niliuonea.

"Arobaini na moja, guka."

Tukafungia kuku, tukarudia. Arobaini na moja.

"Siyo yenyewe," guka akasema.

Shosho alikuwa mlangoni, koti mkononi. "Mzee, huyo kuku asingeonekana, si saa hizi tungekuwa njiani?"

"Tungekuwa tunaendesha makosa."

"Makosa yenye inatembea!"

Lakini guka aliifungua ile ekseli, akairudisha Parklands, akaahidiwa nyingine. Tuliingoja. Mvua ilianza kunukia hewani, mawe ya mjengo yakashushwa langoni, na ekseli haikuja.

Baadaye nilijifunza magari mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na video za simu, na usiniulize kwa nini. Nilichogundua kimeninyima amani. Gari lingetembea. Injini ingelalamika kidogo kwenye barabara tambarare, saa ya mwendo ingezidisha kidogo, na milima ingepandwa vizuri zaidi. Basi. Hakuna kingine kingeharibika.

Watu wa skrapu walifika asubuhi. Gari lilikuwa juu ya mawe, halina miguu ya nyuma. Shosho akatoka na lile koti, amefunga kitambaa, akafungua mlango na kukaa kwenye kiti kilichotobolewa na panya. Guka akazunguka, akaketi kwenye usukani. Akaingiza gia. Wale vijana wa skrapu wakazima sigara zao na kungoja.

Sijui walikaa muda gani, hiyo sikuihesabu. Hatimaye shosho akamgusa guka mkono.

"Haya tushuke," alisema. "Tumefika."

Leo pale pana vyumba vya mjomba. Wapangaji wanaanika nguo, redio zinashindana, na wazee wangu wote wawili wamezikwa. Wenzangu wakisimulia utoto wao, husimulia mahali walikopelekwa. Mimi husikiliza, kisha nikiwa peke yangu najaribu kuwaona wawili wale katikati ya jiji, wameegesha, chipsi za moto kwenye karatasi mapajani. Siwaoni. Sikuwahi kuwapungia mkono langoni wakienda.