Sarafu ya Kobe Mwenye Mwavuli

Kiwandani walimwita Macho Manne, na wala hakuvaa miwani. Miaka ishirini na moja alikaa chini ya taa kali, glavu nyeupe mikononi, barakoa usoni, akikagua sarafu za ukumbusho moja moja kwa lenzi. Ukiipumulia tu, inapata doa. Ukiigusa kwa kidole, basi tena, umeiharibu. Wenzake walimtania kwamba hata mkate anaushika kwa ncha za kucha. Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi alitikisa kichwa tu, kazi ikaendelea.

Tangu mama yake aanze kusahau, alikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi. Mama alimwita binti yake mara dada, mara nesi, siku nyingine "wewe uliyevaa viatu". Miezi minane hajaitwa mwanangu. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani: aitwe hivyo mara moja, hata kwa bahati mbaya.

Mwaka huo ikatoka sarafu ya fedha ya Kobe Mwenye Mwavuli, yule wa kitabu cha watoto ambacho mama alimsomea kila jioni utotoni, akibana pua kuigiza sauti ya kobe. Macho Manne akanunua moja kama mteja mwingine yeyote, akaipeleka nyumbani Jumamosi asubuhi.

"Mama, unamjua huyu?"

Lahaula! Mama akaitoa kwenye kiboksi chake, akalamba kidole gumba, akamsugua Kobe mgongoni kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Macho Manne aliuona kila mkwaruzo. Akamwacha asugue.

"Si Kobe huyu!" mama akasema. Akabana pua, akaanza. Hadithi nzima, bila kuruka neno: mvua, mwavuli, majirani waliojibanza chini yake. Moyo wa binti ukashtuka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Kumbe unaikumbuka yote, mama?"

"Nitaachaje? Ndiyo ninayomsomea mwanangu." Mama akamrudishia sarafu, akamtazama kwa upole, vile mtu anavyomtazama mgeni mwema. "Mpelekee. Ukimwona, mwambie namsubiri."

Macho Manne alitaka kulia, machozi yakagoma.

"Sawa, mama," akasema. "Nitamwambia."