Siku Niliyomzika Mama kwa Maji ya Sponji

Aibu hii nimeibeba mpaka imenichosha, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia gulioni Nyakahura, maana kule wameshaiongezea mpaka jeneza.

Mimi muuza nyama, mtu wa kelele na utani, mnanijua, lakini mwaka jana nikaanza kuzimika polepole, silali, sili, mteja anaomba kilo moja mimi nimesimama na kisu nautazama mguu wa ng'ombe kama ndio kwanza tunakutana, mpaka mke wangu akanipeleka kwa daktari Mwanza, akasema nina sonona, akanipa vidonge na baadaye mkanda wa kuvaa kichwani nikiwa nyumbani. Una sponji mbili za kulowesha maji ya chumvi, unapitisha umeme mdogo sana kwenye ubongo, unahisi kama sisimizi wanatembea, basi. Ila usiuvue ghafla kabla haujalia tii kuonyesha muda umeisha. Mama yangu kule Mugoma hatukumwambia, kifua chake kilikuwa kinamtosha.

Sasa siku hiyo mke wangu yuko gulioni, mimi nikaona sponji zikikauka zinaniwasha, nikazilowesha vizuri (vizuri mno, karibu kikombe kizima), nikavaa mkanda, juu yake nikafunga kitenge cha mke wangu kuficha waya. Mara hodi! Ningenyamaza tu. Nikafungua.

Alikuwa Mama Jeni, jirani, amekuja kuazima ungo, akanikuta na kilemba cha maua ya pinki, maji yananitiririka mashavuni mpaka kidevuni.

"Baba Devota! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama, tutaongea baadaye," nikamjibu, nikitaka aondoke.

Jamani, mwanaume mzima, mashavu yamelowa, anasema tutaongea baadaye! Mama Jeni akajishika kichwa. "Ni mama wa Mugoma?" Hakungoja jibu, akatoka anapiga yowe, na mimi kumkimbiza barabarani na yale maua nikashindwa, nikarudi kukaa nikijidanganya kwamba atatulia.

Haukupita muda uwanja ukajaa. Wengine kuni, wengine mikungu ya ndizi, wawili wanagombana turubai lielekee wapi. Kila nikisema hakuna msiba, balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole kweli, ananipigapiga mgongoni: "Lia tu, mwanangu. Hata mimi mama yangu alipofariki nilikataa hivyohivyo." Na ninalia kweli, sponji haziishi maji!

Mke wangu akafika, akaona umati, akatupa kikapu cha nyanya, "Mume wangu! Mume wangu!", akawapita watu mpaka ndani, akanikuta marehemu nimekaa kwenye kochi. Akakitazama kitenge chake kwanza, halafu ndio akanitazama mimi.

Hapohapo simu ikaita, nikabonyeza haraka, spika ikafunguka.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa mazoea.

Balozi akaacha kunipigapiga mgongoni.

"Marahaba. Nasikia nimekufa. Nani kaniua?"

Kabla sijajibu, mkanda nao ukalia tii, tii, tii, Mama Jeni akaruka mpaka kwenye meza ya chai, mtu akapiga kelele "Bomu!", na mimi nikaona yamefika mwisho, nikafungua kilemba mbele ya wote, nikauvua mkanda.

"Ni dawa hii, mama. Naumwa. Naumwa sonona, ni muda sasa."



"Kwa hiyo mwanangu anaumwa," mama akasema taratibu, "na mimi nijue mpaka nife kwanza?"

Nikalia, safari hii bila sponji.

Balozi akakohoa. "Samahani, mama. Sasa hizi ndizi tuzirudishe?"

"Zipikeni! Nakuja."

Na kweli kesho yake akashuka kwenye basi na kikohozi chake, wakamkimbilia kumpokea, wengine wakimgusa mkono kwanza kuhakikisha. Siku hizi nikivaa mkanda anakaa pembeni ananimenyea karanga. Sijapona kabisa, daktari anasema twende polepole, lakini juzi nilimtania mteja buchani tukacheka wote wawili, na nilikuwa nimesahau kwamba hilo naliweza.

Ila nimekoma. Mtu akiniuliza kuna nini, namwambia palepale naumwa nini, kabla hajakimbilia turubai.