Mpishi Aliyeingia Ghalani

Mji wa Wexley, huko kwenye tambarare za Nebraska, una watu mia tatu na kumi na wawili, na kwa miaka thelathini na minne hakuna mtoto aliyekulia hapo bila kula chakula cha Ardith Kucera. Ndiye mpishi wa shule. Alijua nani hali maharage, nani ametoka kwao bila kutia kitu tumboni, na nani anaficha karoti mfukoni. Wanaume wenye ndevu, wenye mashamba ambayo jicho halifiki mwisho, bado walimwita Bi. Kucera na kuvua kofia wakikutana naye posta. Alikuwa amewafuta kamasi hao.

Kuna jambo moja alilokuwa halisemi. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kaka yake Emil aliingia kwenye ghala la bati la baba yao kuvunja mahindi yaliyogandamana. Chini mashine ya kutolea nafaka ilikuwa inazunguka. Mahindi yakateremka, yakamshika mpaka kifuani. Majirani walikuja mbio, wakamfunga kamba kwapani, wanaume kumi wakaivuta kwa nguvu zao zote na mapenzi yao yote. Mtu aliyeshikwa na mahindi havutwi. Ni kama kung'oa nguzo iliyosimikwa. Emil alipiga kelele, kisha ukuta wa mahindi ukaporomoka juu yake, kelele zikakatika. Ardith alikuwa ameshika ncha ya kamba ile. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ndani ya ghala.

Miaka arobaini ilipita. Siku moja, kwenye maonyesho ya wakulima ya wilaya, akawaona vijana wa zimamoto kutoka mji mwingine wakimtoa mwenzao ndani ya tela lililojaa mahindi. Walichomeka vipande vya bati kumzunguka, kimoja baada ya kingine, vikaungana vikawa kama pipa lisilo na kitako. Kisha wakayatoa mahindi yaliyokuwa ndani ya pipa, na yule mtu akapanda juu mwenyewe, anacheka. Ardith alisimama pale mpaka aiskrimu yake ikamchuruzika hadi kiwikoni.

Jumatatu yake alimfuata Dwaine Sobotka, mkuu wa zimamoto wa kujitolea wa Wexley. Alimkuta anakunywa kahawa na wenzake kwenye ofisi ya chama cha wakulima.

"Dwaine, tunahitaji vile vipande vya bati."

"Bi. Kucera, wewe tupikie. Moto tuachie sisi."

"Ghala haliungui, Dwaine. Linameza."

"Basi tukimezwa tutakuita uje na mwiko wako."

Meza nzima iliangua kicheko. Ardith alitoka akaenda moja kwa moja kwa Rusty Penner, fundi wa kuchomelea, mtu mwembamba kama fito, na udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: pai ya rubabu, ule mmea wa mashina mekundu machachu. Akamwekea mezani mchoro aliouchora mwenyewe nyuma ya ratiba ya chakula cha shule.

"Unaweza kunitengenezea vipande sita?"

Rusty alikigeuza kile kikaratasi huku na huku. "Naweza. Ila mkono wangu haufanyi kazi tumbo likiwa tupu."

Alikula pai saba kabla ya kumaliza. Wakati huohuo Ardith akajiandikisha kwenye mafunzo ya uokoaji, mwendo wa saa tatu kwa gari kwenda, tatu kurudi, kila Jumamosi kwa miezi miwili. Darasani alikuwa mwanamke peke yake, na aliyemfuatia kwa umri alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Mtihani wa kwanza alifeli. Wa pili alishika namba mbili.

Aliporudi na cheti, Dwaine aliona aibu kumkatalia, akampa Jumanne moja kila mwezi awafundishe vijana wake. Wakaegesha tela la mahindi nje ya kituo. Ardith akauliza nani atakubali kufukiwa mpaka kiunoni ili wengine wajifunze. Watu wakaanza kukagua viatu vyao.

"Sawa," alisema. Akavua miwani, akampa Rusty, akapanda telani mwenyewe.

"Leo tunapikiwa Bi. Kucera mzima!" mmoja akatania.

"Na usiponitoa, kesho utakula mkate mkavu," akajibu, mahindi yakiwa yamemfika mbavuni.

Wakati wenyewe ulifika mwezi wa Februari, siku ya Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ardith alikuwa anapika supu nzito ya nyama na maharage na maandazi ya mdalasini, chakula ambacho watoto wa Wexley hukisubiri wiki nzima. King'ora cha mji kikalia. Dakika moja baadaye simu ya jikoni ikaita. Alikuwa Dwaine, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Ardith, ni Merlin Voss. Yuko ghalani kwake. Mahindi yako kifuani."

Alizima oveni. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni; Ardith akamkabidhi mwiko. "Mwalimu, koroga. Usiache ishike chini." Akatoka na aproni yake vilevile.

Shambani kwa Merlin alikuta nusu ya mji. Joleen, mke wa Merlin, alikuwa amekwisha kuizima mashine, amesimama kando ameuma mkono wake mwenyewe. Juu ya paa majirani wawili walikuwa wameteremsha kamba ndani, na ncha ya pili wenzao chini walikuwa wanaifunga kwenye trekta.

"Fungueni hiyo kamba!" Ardith alipaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, hata siku watoto waliporushiana viazi. "Mtamkata vipande viwili! Fungueni!"

Wale majirani walimtazama Dwaine. Dwaine akamtazama Ardith, uso mwekundu wa baridi, aproni imetapakaa mdalasini.

"Mmesikia," Dwaine akasema. "Kuanzia sasa ni yeye anayeamuru. Mimi mwenyewe naamriwa."

Ardith hakupoteza muda. Feni ya ghala iwashwe, Merlin apate hewa. Watu wanane wenye misumeno wagawanyike pande mbili za ghala, watoboe matundu yanayotazamana, mahindi yatoke sawasawa ghala lisiinamie upande mmoja. Na ndani waingie watu wepesi tu.

"Nitaingia mimi," Dwaine akasema.

"Kwa kitambi hicho utaziba mlango, tuokoe wawili. Rusty, twende."

Ngazi ilikuwa na baridi ya kuunguza. Kwenye tundu la paa, Ardith alifungwa mikanda na kamba ya usalama. Akatazama chini. Vumbi, mwanga mwembamba, na kichwa cha mtu katikati ya ziwa la njano. Pumzi moja, mbili. Kisha akashuka.

Merlin alifumbua macho. "Bi. Kucera? Nimekufa nini? Mbona namwona mpishi?"

"Hujafa. Waliokufa hawasemi upuuzi. Pumua kidogo kidogo, usitoe pumzi yote."

"Kifua kinabanwa. Nikifa, mwambie Joleen…"

"Utamwambia mwenyewe. Mimi si tarishi wako."

Walisimama juu ya mbao ili wasizame, wakaanza kuchomeka vipande vya bati walivyoteremshiwa kumzunguka Merlin. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano kikagoma katikati. Rusty akakipanda kwa uzito wake wote, na ule ukuta wa mahindi nyuma yao ukanguruma, ukaporomoka, ukamfikia Merlin kidevuni. Ardith alisikia kelele za Emil masikioni mwake kana kwamba ni jana. Lakini mdomo wake ulikuwa umekwisha kusema, "Tena, Rusty. Cheza nacho kushoto, kulia. Sasa kanyaga." Akakwangua mahindi kidevuni mwa Merlin kwa vidole vyake, hata kucha zikatoa damu, mpaka cha tano kikazama, na cha sita kikaingia na kujifunga kwa mlio kama wa kufuli.

"Sasa," Ardith akasema, "hakuna kinachokuja tena juu yako."

Merlin alilia kama mtoto.

Wakatia ndani ya pipa bomba la kunyonyea nafaka, likaanza kuyatupa mahindi nje. Yakashuka mpaka kifuani, tumboni, kiunoni. Nje misumeno ilikuwa inalia na majembe yanakwangua. Baada ya saa mbili na dakika kumi Merlin Voss alivuta goti moja, kisha la pili, akakanyaga kidato kilichochomelewa ndani ya bati, akapanda. Kichwa chake kilipotokea kwenye tundu la paa, watu walishindwa hata kushangilia kwa mdomo. Walilipiga ghala kwa makoleo yao, bati likalia kama ngoma, na Joleen akapanda nusu ya ngazi kabla hawajamshika.

Merlin alivunjika mbavu mbili tu. Ardith alirudi shule saa nane mchana. Watoto walikuwa wamejipanga ukumbini, wakampigia makofi hadi madirisha yakatetema. Alimtafuta mwalimu mkuu kwa macho.

"Ilishika chini?"

"Kidogo," mwalimu mkuu akakiri.

Mwezi wa Machi, kwenye mkutano wa mwaka wa zimamoto, Dwaine alisimama kofia mkononi. "Niliwahi kumwambia aje na mwiko," alisema. "Naomba radhi mbele ya kila mtu. Na napendekeza awe naibu wangu." Hakuna aliyengoja kuulizwa, ukumbi mzima ulisimama. Kabla ya majira ya kiangazi miji minne ya jirani ilikuwa imemwita Ardith kuwafundisha watu wake, na Rusty Penner alinenepa kwa pai.

Ijumaa moja ya Oktoba, Wexley yote ilikuwa kwenye majukwaa ya uwanja wa shule, wakitazama vijana wao wakifungwa vibaya mpira wa Kimarekani. Simu ya Ardith ikatetema ndani ya blanketi. Alikuwa mkuu wa zimamoto wa mji mmoja kati ya ile minne, anahema.

"Tumemtoa mtu ghalani! Mzima! Tumefanya kama ulivyotufundisha, sisi wenyewe!"

Ardith alijaribu kumweleza Joleen aliyekaa kando yake, maneno yakakataa kutoka. Joleen alichukua simu, akasikiliza, akakimbilia kibanda cha mtangazaji. Punde kipaza sauti kikatoa habari ile uwanja mzima. Mpira ukasimama. Waamuzi wakavua kofia, wachezaji wa timu zote mbili wakageuka kutazama jukwaani, na Merlin Voss akamwinua Ardith kwa mkono ili kila mtu amwone. Akasimama huku blanketi limemwangukia miguuni, anacheka na kulia, ngumi yake ndogo ya mpishi imepaa hewani, na watu wa Wexley wakalitaja jina lake tena na tena mpaka sauti zikawakauka.