Mchuzi wa Kumpimia Mume

Kwenye maabara ya maji walimwita Bi Shaka, na jina hilo hakulichukia. Bwawa la mji lilikuwa limefunikwa na ukoga wa kijani, samaki wanaelea matumbo juu, lakini mashine ya kupima uzito wa chembe, ile inayotambua sumu ya ukoga, kila siku ilitoa jibu moja: maji safi.

"Safi ya wapi?" alinong'ona. Asubuhi moja akaitia sampuli ya maji hayo, kwa mkono wake, tone la sumu yenyewe, ile inayohifadhiwa kwenye friji kwa majaribio. Mashine ikajibu: safi.

"Mashine mpya kabisa unaitilia shaka?" mkuu wake akamcheka. "Wewe hata kivuli chako unakishuku!"

Jioni alipika mchuzi makusudi bila hata punje ya chumvi, akamtegea mumewe, ambaye naye kila siku jibu lake ni moja.

"Mtamu, mke wangu."

"Baba watoto, mchuzi huu hauna chumvi."

Mume akainama. "Najua. Na wa jana ulikuwa chumvi tupu. Lakini nikikukosoa, humu ndani hamkaliki."

Akajikunyata kusubiri kufokewa. Bi Shaka alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Kazini. Wewe unadanganya kwa kumwogopa mkeo. Mashine haina mke. Nani kaifundisha kusema safi?"